Anti, nataka kusomea forensiki ila mama anasema binti anayeshika maiti hataolewa

Shikamoo Anti.

Mimi ni binti wa miaka 20 naishi Morogoro, nimemaliza form six mwaka huu nimesoma PCB (fizikia, kemia na baiolojia), saivi nasubiri matokeo na nipo tu nyumbani namsaidia mama kuuza vitumbua asubuhi. Nakuandikia sababu nyumbani kuna mvutano na mi mwenyewe sijui nishike lipi niache lipi.

Anti nataka kusomea forensiki, yani wale wanaofika eneo la tukio wanaokota ushahidi, wanapima damu, wanatoa alama za vidole. Najua utasema nimeangalia sana tamthilia, ni kweli naangalia lakini sio kilichonivuta. Miaka mitatu nyuma mtaani kwetu kuna mama alikutwa amekufa ndani kwake, alikua anaishi na kijana mmoja wa kumsaidia dukani. Ile asubuhi tuliingia karibu mtaa mzima, mimi nikiwemo na yunifomu yangu ya shule, kina mama wakamfunika kanga, mwingine akaona damu sakafuni akasema jamani tusimwache mwenzetu hivi, akachukua ndoo na dekio akadeki mpaka kibarazani. Mlango wa nyuma ulikua umevunjwa, kila mtu anaushika anaonyesha wenzake ona walipopitia. Polisi wanafika saa nne kila kitu kisafi.

Yule kijana ndo alikamatwa, akakaa mahabusu mwaka na miezi, mwisho akaachiwa hakuna ushahidi. Amerudi mtaani watu hawamsalimii, akipita wengine wanasema muuaji huyo. Na mpaka leo Anti hakuna anayejua kama ni yeye au sio yeye. Mi nikikutana nae nashindwa hata kumwangalia usoni, sijui namwonea au namwogopa. Toka hapo nikawa nawaza kumbe ndani ya ile nyumba jibu lilikuwepo na sisi ndo tuliolikanyaga.

Sasa mama hataki kabisa kusikia, anasema binti anayeshika maiti nani atamuoa, na mikono hiyo hiyo utapikia watoto? Baba anataka nisome unesi sababu ajira ipo. Baba mdogo yeye yupo upande wangu, ila ndo kaleta jingine. Kuna dada nilimpata kwenye grupu la WhatsApp anasema ana nafasi za diploma ya kimataifa ya forensiki, unasoma online miezi 6 ukimaliza unaajiriwa hata Interpol, ile polisi ya kimataifa, ada ni milioni 2 na laki 8 na ofa inaisha Ijumaa ijayo. Baba mdogo ameuza mpunga wake hela anayo mkononi, anasema nikisema ndio anatuma.

Maswali yangu ni je ni lazima niwe polisi? Nisome nini hasa? Hiyo kozi nilipie? Na la mwisho naliuliza kwa aibu, baada ya kuuona mwili wa yule mama sikulala vizuri karibu wiki mbili, je mtu kama mimi kweli anaiweza hii kazi?

Binti wa Moro

---

Marahaba mwanangu, na pole kwa kukaa na jambo hilo moyoni miaka yote hiyo.

Naomba nianze na lile dekio. Wale kina mama wa mtaani kwenu walifanya walichofundishwa na mama zao, kwetu maiti husitiriwa, huwezi kuacha damu ya mtu iko wazi na watoto wanachungulia, hata mimi ningekua siijui hii kazi ningeshika ndoo. Ila nataka ujue ni nini kilichoondoka na yale maji maana ndo kazi yenyewe unayoiulizia. Tone la damu likidondoka moja kwa moja kutoka juu linakaa duara, damu ikirushwa na pigo inakaa kama kiluwiluwi, ina kichwa na mkia, na mkia unakuonyesha ilikua inaelekea wapi. Mtu aliyefundishwa akikuta sakafu na ukuta haujaguswa anaweza kukwambia huyu marehemu alikua amesimama au alikua ameinama, na aliyempiga alikua upande gani. Hapo bado nyayo kwenye damu, bado vidole kwenye ule mlango ambao nyote mliushika. Na kama walideki kwa jiki ndo tabu zaidi, ipo kemikali inaitwa luminoli ukiipuliza gizani inang'aa bluu pale palipokua na damu hata kama imefutwa, lakini ikikutana na jiki inang'aa vile vile, kwahiyo sakafu nzima inawaka na wewe hujui uchukue sampuli wapi.

Mimi kabla ya kuanza kujibu barua zenu nimefanya kazi ya maabara miaka 11. Kuna siku tuliletewa kitenge kwenye kesi ya mtoto, sitasema ilitoka wapi. Kitenge kina damu, wamekifunga kibichi kwenye rambo, hiyo ni kabla mifuko ya plastiki haijapigwa marufuku 2019, kikasafiri kwenye basi siku mbili alafu kikakaa stoo zaidi ya wiki. Nilipofungua ile harufu ilinirudisha nyuma, kitambaa kimeota ukungu mweusi na wa kijani, ukikivuta kinachanika kama karatasi iliyoloa. Tulikata vipande vitano sehemu tofauti, tukavipima vyote, hatukupata kitu. Bakteria na ukungu walikua wameshakula kila tulichokua tunakitafuta. Kile kitenge kingeanikwa kivulini kikauke kisha kikatiwa kwenye bahasha ya kaki, ya shilingi mia tano tu mwanangu, yule mtoto angekua na ushahidi. Nimeacha kazi ile lakini mpaka leo nikiona bahasha ya kaki dukani nakumbuka.

Kwahiyo ukiniuliza hii kazi ni nini nitakwambia ni kutunza. Tamthilia zinakuonyesha mtu anavaa miwani myeusi anatazama unywele mmoja anasema muuaji ni fulani, na majibu ya DNA, yani vinasaba vya mtu, yanatoka kabla hajamaliza kahawa. Kwenye maabara ya kweli unaanza kutoa DNA kwenye kitambaa, unapima kama imetosha, unaizidisha kwenye mashine, unaipitisha kwenye mashine nyingine, kisha unasoma na mwenzako anasoma bila wewe kumwambia umeona nini, na sampuli yako iko kwenye foleni na za watu wengine. Muda mwingi uliobaki unaandika. Bahasha inagundishwa, aliyeifunga anasaini juu ya pale ilipogundishwa, anaweka tarehe na saa, anayepokea anasaini, anayempelekea mwingine anasaini, kuanzia eneo la tukio hadi mbele ya hakimu. Ikikosekana saini moja wakili wa utetezi hana haja ya kubishana na sayansi yako, anauliza tu hizi siku nne kielelezo kilikua kwa nani, na Mahakama ya Rufani ya hapa kwetu imeshawaachia watu kwa sababu ya maswali ya namna hiyo. Wewe mwenyewe unaweza kua chanzo cha kosa bila kujua. Ujerumani polisi walimtafuta mwanamke mmoja kwa miaka mingi sababu DNA yake ilikua inaonekana kwenye matukio kama 40 yasiyohusiana kabisa, 2009 ndo ikajulikana hakuna muuaji wa hivyo, ilikua ni DNA ya mfanyakazi wa kiwandani zilikotengenezwa zile pamba za kuchukulia sampuli. Kama wewe ni mtu wa kuchoshwa na kuandika na kurudia, hapa utateseka. Kama wewe ndo yule anayehesabu chenji ya vitumbua mara mbili kabla hajampa mama, basi tuendelee.

Sasa yule kijana wa dukani. Hiki ndo kipande cha barua yako kilichonifanya nikujibu wewe kwanza, maana watu wengi wanaoniandikia wanataka kukamata wahalifu, wewe unataka kujua ukweli, na hivyo ni vitu viwili. Uingereza, maeneo ya Leicester, mabinti wawili waliuawa, mmoja 1983 mwingine 1986. Polisi wakamkamata kijana wa miaka 17, na akakiri kwa mdomo wake kwamba mmoja aliuawa na yeye. Mwanasayansi Alec Jeffreys alikua ameshagundua namna ya kutofautisha watu kwa DNA, hiyo ni 1984, wakampelekea sampuli wakitegemea amtie hatiani kwa mauaji yote mawili. Majibu yakatoka kwamba aliyeua ni mtu mmoja kweli, ila sio huyu. Yani mtu wa kwanza kabisa ambaye DNA ilimgusa kwenye kesi ya mauaji, ilimtoa. Baadae wakapima wanaume maelfu na mwenyewe akapatikana, akahukumiwa 1988. Kwahiyo ujiandae mwanangu, kuna siku utapima kielelezo ukitamani kwa roho yako yote kimguse fulani na hakitamgusa, na itabidi uandike hivyo hivyo kilivyo na usaini. Na huyo kijana wa mtaani kwenu mahakama imemwachia. Mimi sijui alifanya nini na wewe hujui, ila shikamoo au mambo vipi ya njiani haiharibu ushahidi wowote.

Kuhusu upolisi, hapana sio lazima, ila inategemea unataka kusimama wapi. Hapa Tanzania anayefika eneo la tukio, anayezungusha utepe, anayepiga picha na kufungasha vielelezo ni polisi, na Jeshi la Polisi lina kamisheni yake ya uchunguzi wa kisayansi, huko ndo kuna alama za vidole, silaha na risasi, maandishi ya kughushi, mambo ya simu na kompyuta. Ukitaka hivyo lazima uingie Jeshi la Polisi kwanza, upite depo, yani mafunzo ya uaskari, uwe askari kama wengine, na masharti usome kwenye tangazo la ajira la mwaka huo usisikilize ya vijiweni, maana kuna mambo ya umri, kuolewa, hata tatuu. Alama za vidole usizidharau eti ni za kizamani, Kulwa na Doto mapacha wa kufanana ukipima DNA ya kawaida utapata majibu mamoja, ila vidole vyao tofauti toka tumboni kwa mama.

Damu, shahawa, sumu tumboni na dawa za kulevya zinakwenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Pale wanaofanya kazi ni raia, wakemia na watu wa baiolojia, na ajira zao zinapita Sekretarieti ya Ajira kama kazi nyingine za serikali. Hiyo maabara ni ya toka enzi za Mjerumani, 1895, na ina ofisi za kanda sio Dar na Dodoma tu. Mambo ya DNA yana sheria yake ya 2009, ndo maana mtu hawezi tu kuamka akapeleka mate ya mtoto akapime kama ni wake, lazima ombi lipitie kwa wanaotambuliwa na sheria, mfano mahakama, wakili au ustawi wa jamii. Mlango mwingine ni wa daktari anayefanya postimotamu, yani kuchunguza maiti kujua kilichoua, huo ni mrefu, udaktari miaka mitano, intern mwaka mmoja, kisha ubingwa wa patholojia miaka mitatu mingine. Mimi ningekua wewe na hiyo PCB ningesoma kemia, au baiolojia ya molekuli na bioteknolojia pale Chuo Kikuu cha Dar (UDSM), au sayansi ya maabara za tiba chuo cha Muhimbili (MUHAS), au hapo hapo kwenu chuo cha Sokoine (SUA) kuna bioteknolojia na sayansi ya maabara, unalala nyumbani na vitumbua vya mama unakula. Ukivutiwa na simu na kompyuta Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) wana shahada ya usalama wa mtandao na uchunguzi wa kidijitali, na kesi za siku hizi nyingi zinaishia kwenye simu.

Usikimbilie jina forensiki kwenye cheti. Ukishika shahada ya kemia iliyokamilika, forensiki unafundishwa kazini au unaenda kuisomea masters, na siku serikali haijatangaza nafasi, ambayo itatokea, nafasi ni chache sitakudanganya, bado kiwanda cha maji, shirika la viwango TBS au maabara ya mgodi watakuchukua. Ukishika cheti cha forensiki peke yake huna pa kukipeleka. Baba yako anapozungumzia ajira anaongea kitu cha kweli, mwambie hivi utaona anavyolegea, maana yeye hofu yake ni ukae nyumbani na cheti ukutani.

Sasa hiyo ya miezi 6. Interpol haiajiri hivyo, wengi wanaofanya uchunguzi kule ni polisi walioazimwa kutoka kwenye majeshi ya nchi zao. Na hakuna mtu duniani anayejifunza kuinua alama ya kidole kwenye kioo kwa kutazama simu, ile brashi lazima uishike, ukikandamiza kidogo tu umeifuta alama na hairudi. Muulize huyo dada chuo kinaitwaje, kama ni diploma ya hapa nchini kitafute NACTVET, wale wanaosajili vyuo vya ufundi na diploma, kama ni chuo kikuu kitafute TCU, ile Tume ya Vyuo Vikuu, kama ni cha nje waulize hao hao kama cheti chake wanakitambua. Majibu yote hayo ni bure. Akikwambia lipa kwanza jina la chuo utaliona kwenye risiti, hapo huna haja ya kuniandikia tena.

Umesema unauliza kwa aibu kuhusu usingizi. Ulikua na miaka 17, umemwona jirani yako aliyekua anakuuzia sukari amelala kwenye damu, ungelala vipi? Nitakwambia ilivyokua kwangu. Harufu unaizoea, sikutegemea lakini unaizoea, hata funza wa inzi unafika mahali unawatazama kwa hesabu, maana ukubwa wao unakusaidia kujua marehemu ana siku ngapi. Ambacho sijazoea ni nguo ndogo. Sare ya chekechea, kiatu kimoja. Siku za vile nilikua naomba mwenzangu akae na mimi tu hata asiseme kitu, na kuna kipindi nilienda kuongea na mtu wa ushauri nasaha miezi kadhaa, bosi wangu alijua na hakuna aliyenicheka. Wapo wenzangu walioanza kunywa. Wapo walioomba kuhamishiwa kwenye kemikali na vyakula na wakawa wakemia wazuri sana. Maabara ina faida kwamba wengi wetu hatuoni mwili, tunaona bahasha yenye namba, kwahiyo unaweza kuanzia hapo ukajipima mwenyewe taratibu.

Mama sasa. Usibishane nae habari za kuolewa, mimi nimeolewa na nina watoto watatu na mikono hii inawapikia pilau, ila hayo akiyasikia kwa mtu wa mbali hayamwingii. Muulize mama, yule bibi mnayemwita mtaani akifa mwanamke aje aoshe maiti, mnamwona ana mikosi? Si ndo mnampa kiti cha mbele msibani. Kisha mkumbushe Msamvu. Hakuna mtu mzima wa Moro asiyeikumbuka tarehe 10 Agosti 2019, lile lori la mafuta lilivyoanguka watu wakaenda kuchota petroli likalipuka, zaidi ya watu 100 walikufa, na wengine waliungua kiasi mzazi anasimama mbele ya mwili hajui kama ni mwanae. Wakazikwa makaburi ya Kola, na kabla ya kuzikwa zilichukuliwa sampuli za DNA ili ndugu atakayejitokeza alinganishwe. Mtu aliyekaa na pamba na bahasha akaandika namba ya kila mwili bila kuchanganya, alikua anamtunzia mama fulani asiyemjua kaburi la mwanae. Mwambie mama hiyo ndo kazi ninayoitaka, alafu nyamaza umwache akae nayo siku mbili tatu.

Wakati unasubiri matokeo kuna kitu nataka ufanye. Hapo Moro mna Kituo Jumuishi cha mahakama, kesi zinasikilizwa wazi, raia yeyote anaingia. Vaa vizuri, zima simu, kaa benchi la nyuma kutwa nzima, na ukibahatika kuna shahidi wa mauaji au wa dawa za kulevya msikilize anavyoulizwa maswali. Toka 2021 lugha ya mahakama ni Kiswahili, kwahiyo mkemia hawezi kujificha nyuma ya Kiingereza, lazima amweleze hakimu kwa maneno ambayo hata ndugu wa mshtakiwa waliokaa nyuma wanayaelewa, na wakili anamrudisha kwenye kila saini na kila tarehe. Angalia mikono yake, angalia kama anasema sijui pale ambapo hajui. Nenda zaidi ya siku moja, siku nyingine kesi zitaahirishwa zote na utarudi mikono mitupu, hiyo nayo ni sehemu ya kazi. Ukirudi nyumbani niandikie uliona nini.

Na baba mdogo mshukuru sana, mwambie ile hela ya mpunga aitunze, mbele kuna ada ya chuo, Ijumaa asitume kitu.